Kwa mnaoanza kutafsiri hojaji za majeraha ya wanamichezo

Muulize mchezaji wa raga wa Kakamega au wa kandanda wa Kisumu kama ameumia, naye atajipima kwanza kwa jambo moja: je, bado anapangwa kwenye kikosi? Kama anapangwa, jibu ni hapana, hata kama goti limefungwa bendeji tangu msimu uanze. Ninyi mnaoingia katika kazi ya kuzileta hojaji za majeraha kwa Kiswahili, anzeni na jibu hilo kabla hamjafungua kamusi.

Hojaji inayotumika sana ni ile ya kituo cha utafiti wa majeraha ya michezo cha Oslo, Norway. Ilitoka 2013 na kurekebishwa 2020. Ilibuniwa kwa sababu mtindo wa kuhesabu jeraha pale tu mchezaji anapokosa mazoezi au mechi ulikuwa ukiyaacha nje maumivu yanayojijenga polepole katika kano za goti, bega au mgongo. Ina maswali manne kuhusu siku saba zilizopita: kushiriki, kubadilisha mazoezi, kiwango cha uchezaji, na maumivu au dalili nyingine. Katika toleo la 2020 kila swali lina majibu manne yenye alama 0, 8, 17 na 25, kwa hiyo jumla haizidi 100.

Swali la kwanza ndilo mlango. Anayesema alishiriki kikamilifu bila tatizo lolote haulizwi zaidi. Anayesema alishiriki kikamilifu lakini akiwa na tatizo anaendelea na maswali yaliyobaki. Sasa mkumbuke yule wa bendeji. Tafsiri yako ikimwachia nafasi ya kuchagua jibu la kwanza, umempoteza, na ni watu kama yeye walioifanya hojaji hii itungwe. Kwa hiyo neno “kuumia” peke yake halitoshi hapa, kwa maana wengi wanalisikia kama kugongwa au kuanguka. Utangulizi utaje tatizo, kisha mifano: maumivu, kukaza, kuvimba, kiungo kulegea au kukwama.

Utaratibu wa kutafsiri unajulikana, na mwongozo unaofuatwa na wengi ni wa mwaka 2000. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, mmoja akiijua tiba na mwingine asiijue. Matoleo yao huunganishwa, halafu watu ambao hawajaiona hojaji ya asili huirudisha tafsiri hiyo katika lugha ya asili. Kamati huamua, na mwisho watu 30 hadi 40 huijaribu. Ombeni pia idhini ya wenye hojaji mapema, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Kenya. Kwa wachezaji wa shule walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi lazima akubali.

Naona wengi wanamaliza nguvu kwenye ile tafsiri ya kurudisha, wakifika uwanjani wanakusanya fomu tu na kuondoka. Jaribio la uwanjani ndilo ninalolithamini kuliko yote. Kaa na mchezaji baada ya mazoezi, mwache asome swali, kisha akueleze kwa maneno yake anaulizwa nini na kwa nini amechagua jibu lile. Mpe yale majibu manne kwenye vikaratasi vilivyochanganywa ayapange kutoka dogo hadi kubwa. “Kiasi” litakusumbua: mmoja ataliweka karibu na “kidogo”, mwingine karibu na “sana”, na alama zako zitayumba hapo. Vilevile andika “siku saba zilizopita”, kwa kuwa “wiki iliyopita” kwa wengi huishia Jumapili.

Chagua watu wa kila namna: aliyekulia Nakuru mjini na Kiswahili mdomoni, aliyelelewa kwa Dholuo kule Siaya, Mluhya wa kijijini, na kijana aliyezoea kuandika Kiingereza shuleni. Sheng iacheni, maana hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na haikai miaka miwili vilevile. Kiswahili sanifu chepesi, sentensi fupi, kinawafikia wote hao.

Mkipima uthabiti kwa kuuliza mara mbili, msiache wiki nzima ipite. Kifundo cha mguu kinaweza kupona au kuharibika zaidi katika muda huo, nanyi mtadhani hojaji ndiyo mbovu. Siku moja au mbili zinatosha.

Jambo jingine ni nani anayeipokea fomu. Ikipitia mikononi mwa kocha, mchezaji atajibu kwa ajili ya nafasi yake Jumamosi. Taarifa za afya zinalindwa na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019, kwa hiyo mwelezeni wazi nani ataziona, na mtumie namba badala ya jina. Wengine hutumia simu ya ndugu au ya mwenzao, hivyo muwe na fomu za karatasi pia. Na kabla ya fomu ya kwanza kugawiwa, kubalianeni na timu ni tabibu gani atakayemwona mchezaji ambaye alama zake zinapanda wiki baada ya wiki, na ni nani atakayelipa.