Pi 4 inayojizima: anza na chaja

Mdogo wangu, unasema Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo uliyoiwekea mfumo wa Linux hapo Uyole, inawaka, dakika mbili inajizima na kuanza upya. Usifute kwanza kadi ya kumbukumbu yenye huo mfumo. Ninayemshuku ni hiyo chaja ya simu uliyonunua Mwanjelwa: Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na waya mrefu mwembamba hula umeme njiani. Itazame taa nyekundu. Ikizimika-zimika, volti zimeshuka chini ya 4.63. Ukiwahi kabla haijajizima, andika amri hii kwenye dirisha la amri: vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x50005, umeme hautoshi. (Mimi niliandika kadi upya mara tatu, na baridi ile ya Juni, kumbe waya!) Taa ya kijani isipocheza kabisa, hapo ndipo kadi ina kesi ya kujibu.