Nani hukagua mazingira ya wagonjwa hospitalini?

Umeuliza kama mazingira ya wagonjwa katika hospitali za England hukaguliwa na watu wa nje au na hospitali zenyewe. Pande zote mbili hushiriki. Tangu mwaka 2013, mpango wa ukaguzi unaoongozwa na wagonjwa, ujulikanao kwa kifupi kama PLACE, uliochukua nafasi ya ule wa PEAT ulioanza mwaka 2000, unataka angalau nusu ya kila timu iwe ya wagonjwa au wawakilishi wao, huku wafanyakazi wa hospitali wakiiandaa ziara na kuijaza sehemu iliyobaki.

Timu hupita wodini, vyooni na kwenye korido ikitazama usafi, hali ya majengo, faragha na heshima ya mgonjwa, na pia kama mtu mwenye ulemavu au aliyepungukiwa na kumbukumbu anaweza kupita bila kuhangaika: vibao vinasomeka, saa ya ukutani inaonekana, na sakafu haing'ai kiasi cha kudhaniwa imelowa maji. Chakula nacho huonjwa, na binafsi naona hicho ndicho kipimo cha kweli kuliko vyote, kwani menyu iliyoandikwa vizuri haimshibishi mtu.

Ubora wa tiba hauguswi kabisa. Huo huangaliwa na CQC (Care Quality Commission), mdhibiti wa huduma za afya mwenye mamlaka ya kisheria, ambaye wakaguzi wake hawatoki katika hospitali inayokaguliwa; kwa hiyo alama za juu za PLACE usizichukue kuwa ushahidi wa umahiri wa madaktari.