Majani nayo ni "meat"?

Swali: Shikamoo mhariri. Nina Biblia ya Kiingereza ya marehemu babu, ile ya King James, sasa Mwanzo 1:29 Mungu anawapa watu mimea na matunda eti iwe "meat" yao. Nyama ya majani kweli, au walikosea kuchapa?

Jibu: Marahaba, hawajakosea. Mwaka 1611, Biblia hiyo ilipotoka, "meat" ilikuwa bado chakula chochote tu, nyama yenyewe mara nyingi wanaiita "flesh", ndo maana Biblia yetu pale inasema "chakula chenu", na ukifungua Walawi 2 utakuta "meat offering" ambayo ni unga na mafuta, kipande cha nyama hamna! Baadae neno likabanwa likabakia kwa nyama. Masalia yake ni "sweetmeat", yani vitu kama peremende, so ukikaribishwa usingoje mshikaki.