Unaenda Island Peak? Panga siku zako na uzoee kamba kabla hujapanda ndege

Kama umeshafika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, na sasa roho inataka Nepal basi hii nimekuandikia wewe, maana maswali ninayopata karibu yote ni ya viatu na jaketi, na viatu na jaketi unavipata Kathmandu, mtaa wa Thamel, unakodi au unanunua hata jana yake ya safari. Vitu viwili ambavyo Thamel havipo ni siku za kutosha na mikono iliyozoea kamba. Hivyo unavipanga ukiwa bado nyumbani, na kwa nilichokiona kule juu ndivyo vinavyoamua nani anafika kileleni na nani anageukia njiani.

Island Peak, wenyewe wanauita Imja Tse, una mita 6,189, uko Khumbu, ukanda huohuo wa Everest. Uko kwenye orodha ya vilele ambavyo vibali vyake vinatolewa na chama cha wapanda milima wa Nepal, NMA, na vilele vya orodha hiyo vinauzwa kwa watalii wa kawaida kama sisi, sasa watu wakisikia hivyo wanadhani ni kutembea tu kama njia ya Machame kule Kilimanjaro. Sio kutembea tu. Mwaka 1953 Tenzing Norgay na baadhi ya wenzake wa msafara wa Everest walipanda mlima huu kufanya mazoezi kabla ya Everest yenyewe, ujue hapo ni mlima wa aina gani. Kuna barafu yenye nyufa, kuna ngazi za aluminiamu zimelazwa juu ya nyufa hizo unapita umevaa miiba ya chuma miguuni, halafu mwisho kuna ukuta wa barafu uliosimama kweli ambao unaupanda kwa kamba iliyofungwa.

Kama kamba haikuvutii kabisa kuna Mera, mita 6,476, ni mrefu zaidi lakini sehemu kubwa unatembea juu ya barafu yenye mteremko wa kawaida, kamba inakuja kidogo tu mwishoni. Lobuche East, mita 6,119, wengi wanauona mgumu kuliko Island Peak. Mimi nilichagua Island Peak kwa sababu nilitaka kujifunza kamba, na bado naona ndio chaguo zuri kwa Mtanzania aliyemaliza Kilimanjaro na anataka kusogea mbele.

Sasa tuongee siku, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kilimanjaro inatuzoesha vibaya. Unapanda kutoka geti la Machame, mita kama 1,800, mpaka 5,895 ndani ya siku tano hivi, unakaa kileleni dakika chache unapiga picha unashuka mbio, usiku unaofuata unalala chini sana. Mwili unavumilia kwa sababu haukai juu. Khumbu unalala juu, wiki nzima na zaidi uko juu ya mita 4,000, kwahiyo ukikosea mwanzoni deni linakufuata mpaka mwisho. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya unapolala leo na utakapolala kesho, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale usiku wa pili. Chukua ratiba uliyotumiwa na kampuni, andika pembeni urefu wa kila kituo: Namche 3,440, Tengboche 3,860, Dingboche 4,410, Chhukung 4,730, kambi ya chini karibu 5,100. Kama huoni usiku mbili Namche na usiku mbili Dingboche, hiyo ratiba ikatae hata kama bei imekufurahisha, hiyo bei ndogo imepatikana kwa kukata siku zako za kuzoea.

Ratiba ninayoipenda ni ile inayokupeleka kwanza Gorak Shep, kituo cha njia ya Everest, na kilima cha Kala Patthar, unapita mita 5,500 kwa miguu bila kamba wala presha, halafu unashuka kulala chini Chhukung ndio unaingia Island Peak. Ukifika kwenye mlima wenyewe mwili umeshapaona juu. Niliona tofauti kabisa kati ya waliopita njia hiyo na waliotoka Dingboche moja kwa moja, wale wa pili walikuwa wanasimama kila hatua chache na vichwa vinawauma, na walikuwa vijana wenye nguvu kuliko mimi.

Halafu ongeza siku za akiba. Moja au mbili kwa ajili ya kilele, upepo ukiwa mbaya usubiri, na nyingine mbili au zaidi kwa ajili ya Lukla. Uwanja wa ndege wa Lukla, unakoshukia kuanza kutembea na unakorukia kurudi, uko mita 2,845 na njia yake ya kurukia ina mita 527 tu, ndege ndogo zinaruka asubuhi mawingu yakishuka basi, watu wanakaa hata siku kadhaa wanasubiri. Msimu wa watu wengi ndege nyingi haziondoki Kathmandu, zinaondokea Manthali huko Ramechhap, unapelekwa kwa gari usiku wa manane, masaa manne au matano barabarani, kwahiyo uliza kabisa mapema ili ujue. Na tiketi yako ya kurudi Dar au Nairobi kupitia Doha au Dubai usiiweke kesho yake ya kutoka Lukla, nakusihi.

Kamba. Kampuni nyingi zinakwambia usijali tutakufundisha kambi ya chini, na ni kweli wanafundisha, masaa mawili matatu mchana, halafu saa saba usiku mnaondoka. Mtu unajifunza kitu kipya mita 5,100, umechoka, una glavu nene, kesho yake gizani unakifanya kwa baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri na oksijeni kama nusu ya ile ya pwani. Akili kule inakuwa nzito sana, kitu ambacho mikono haikijui kichwa hakitakukumbushia. Kwahiyo jifunze nyumbani. Mimi nilienda Kenya, Hell's Gate pale Naivasha, kuna miamba na kuna watu wanaofundisha kupanda kwa kamba, na Wakenya wana Mountain Club of Kenya ambayo wanachama wake wanapanda Lukenya nje ya Nairobi miaka mingi sasa. Ukishafundishwa misingi na mtu anayejua, rudi nyumbani funga kamba kwenye mti imara au mteremko wenye nyasi, vaa mkanda wa kupandia na glavu zako nene, rudia mpaka uchoke.

Cha kurudia ni hiki. Kwenye mkanda wako unakuwa na kamba fupi mbili, moja ina Jumar, kile kifaa kinachopanda juu kwenye kamba lakini hakirudi chini, nyingine ina karabina ya kufunga, ile pete ya chuma yenye mlango. Ukifika pale kamba ilipofungwa kwenye barafu lazima uhamishe vyote upande wa pili, unahamisha karabina kwanza, unahakikisha imefunga, ndio unatoa Jumar na kuihamisha. Hakuna sekunde hata moja ambayo vyote viwili viko nje ya kamba. Fanya gizani na tochi ya kichwani, fanya umefumba macho, mpaka mkono uende wenyewe. Halafu jifunze kushuka kwa kamba kwa kifaa cha umbo la nane, kwa sababu kushuka ndiko watu wanakochoka na kukosea, na hakikisha unaweza kukifunga bila kuvua glavu maana kikikudondoka kimekwenda. Miiba ya miguuni nayo ina mwendo wake, unatanua miguu kidogo usije ukachana suruali na kujikwaa.

Pumzi na miguu sitaongea sana, wengi mnajua. Ngazi za ghorofa ukiwa na begi la kilo kumi na kitu, Uluguru kwa walio Moro, Pugu kwa watu wa Dar, na kama una uwezo Mlima Meru miezi miwili kabla, Meru inafaa sana kwa sababu usiku wa kilele ni mrefu na una sehemu za mawe za kutumia mikono. Lenga uweze kutembea masaa kumi na mbili na kesho yake uamke utembee tena.

Afya ndio sehemu ambayo naona hatuiongelei kabisa sisi watu wa huku. Kapime selimundu. Hata kama hujawahi kuumwa, unaweza kuwa umerithi upande mmoja tu na hujui, na mtu wa hivyo akienda juu sana anaweza kupata maumivu makali ya wengu upande wa kushoto wa tumbo, ni hatari kweli, na kwetu walio na hali hiyo ni wengi. Kipimo ni cha damu, majibu yakirudi ongea na daktari kabla hujalipa pesa za watu. Pia Diamox, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, wengi wanatumia miligramu 125 asubuhi na jioni, lakini ina asili ya salfa, kama Septrin au SP iliwahi kukutoa upele au kukuvimbisha mdomo mwambie daktari akupangie. Dalili za kukukimbiza chini ni kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukohoa huku pumzi inakata hata ukiwa umekaa. Hapo hamna kusubiri asubuhi, unashuka usiku huohuo. Pheriche, kijiji jirani na Dingboche, kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, iko hapo tangu 1973, msimu wa wapandaji kunakuwa na madaktari na wanatoa somo la ugonjwa wa mwinuko mchana, nenda usikilize hata kama mzima.

Bima sasa. Bima ya safari ya kawaida mara nyingi inaishia mita 4,000 au chini ya hapo na inakataa kupanda kwa kamba, kwahiyo soma ile karatasi mwenyewe, tafuta iliyoandika mpaka mita 6,500, kupanda kwa kamba na shoka la barafu, na helikopta. Helikopta nayo ina mambo yake, mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa watu waliokuwa wanawapakia watalii helikopta bila sababu ili wakamue bima. Ukiona kichwa kinauma kidogo tu mtu anakuharakishia helikopta, omba kwanza mshuke kwa miguu muone, na pigia kampuni ya bima wewe mwenyewe.

Kuhusu kampuni, za Kathmandu nyingi zinacheza kati ya dola 2,000 na 3,500 bila ndege ya kimataifa. Kabla hujalipa uliza nani hasa atakuwa na wewe kwenye kamba, amepanda mlima huu mara ngapi, ana mafunzo ya NMA au cheti cha kimataifa cha viongozi wa milima, IFMGA, na anaongoza watu wangapi usiku wa kilele. Mimi nisingekubali zaidi ya wawili kwa kiongozi mmoja. Uliza pia saa ya kugeuka, saa ngapi mnarudi hata kama kilele kinaonekana. Kiongozi mzuri anakujibu palepale, asiye na jibu achana naye.

Vifaa, nunua huku vile vinavyogusa ngozi, nguo za ndani, soksi, glavu za ndani, na viatu vya kutembelea ambavyo umeshavivaa mpaka vimelainika. Viatu vizito vya barafu, miiba, shoka, mkanda, kofia ngumu, jaketi la manyoya na begi la kulalia la nyuzi ishirini chini ya sifuri kodi Thamel, lakini jaribu vyote dukani na soksi zako mbili, na miiba uifunge kwenye kiatu hichohicho utakachovaa, usikubali kuambiwa itaingia tu. Miwani ya kiwango cha nne usibane matumizi, jua la kwenye barafu linaunguza macho hata sisi wenye ngozi nyeusi, na mafuta ya jua paka mpaka ndani ya pua. Ndege ya Lukla inaruhusu kilo 15 tu jumla na begi la mkononi.

Chakula kula wali na dengu wao, dal bhat, unaongezewa mpaka ushibe. Nyama ukishapita Namche achana nayo, imepandishwa mgongoni toka chini kwa siku kadhaa, na kwa sisi Waislamu mayai na mboga vinaondoa mashaka yote. Hela toa Kathmandu au Namche, ukishapanda kule juu usitegemee mashine.

La mwisho ni wapagazi, na hili linaniuma kwa sababu ndugu zangu wamekuwa wagumu, yaani wapagazi, Kilimanjaro. Kwetu mzigo unapimwa getini, kilo 20. Kule usitegemee mzani njiani, mpagazi mmoja anabeba mabegi ya wageni wawili pamoja na vyake, na mashirika yanayowatetea yanasema isizidi kilo 30. Iandikie kampuni uulize kilo ngapi, wanalala wapi, wana bima na nguo za baridi, na begi lako lisizidi kilo 13. Wengi wanaishia Lukla, kesho yake asubuhi wewe unaruka wao wanarudi na mzigo mwingine, kwahiyo bakshishi andaa kwa rupia toka Namche, kila mtu na bahasha yake, na uwape mkononi wao wenyewe jioni ile ya mwisho, usimpe mtu mmoja awagawie.