Shangazi Nijibu: Nikimchapa anatulia, kesho anarudia

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina mtoto wa kiume miaka 5. Kila tukipita kwa Mangi anataka biskuti, nikimnyima anajitupa kwenye vumbi analia mpaka wapita njia wanasimama. Saa ingine nanunua tu yaishe, siku nyingine namchapa. Anatulia siku hiyo, kesho yake yale yale. Baba yake anasema fimbo iongezwe. Nifanyeje? Mama J.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Fimbo isiongezwe. Mi nimeganda hapo uliposema "saa ingine nanunua tu yaishe", maana tatizo limekaa hapo hapo.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, alikuwa anaweka panya kwenye kiboksi chenye kijiti, panya akikibonyeza kinadondoka kidonge cha chakula. Vidonge alikuwa anatengeneza mwenyewe, sasa Jumamosi moja akapiga hesabu akaona vitaisha Jumatatu asubuhi, akaamua kubana, dakika nzima kidonge kimoja tu hata panya abonyeze mara ngapi. Ungedhani watakata tamaa, kumbe wapi, waliendelea kubonyeza, na ikaja kujulikana kwamba anayepewa mara moja moja ukimnyima kabisa anachelewa kuacha kuliko aliyezoea kupewa kila mara. Huyu wa kila mara anashtuka mapema kwamba mambo yameisha, yule mwingine anajua akikaza kitatoka. Mwanao ndo yule mwingine. Na wewe pia unafundishwa mama, ukitoa biskuti kelele zinakatika, unapumua, kesho mkono unaenda kwenye pochi wenyewe.

Tuje kwenye fimbo. Skinner huyo huyo kwenye kitabu chake cha 1938 alieleza panya waliokatiwa chakula, alafu wengine wakibonyeza kijiti kinawachapa miguu kwa muda mfupi. Waliochapwa walipunguza kweli, ila kuchapwa kulipoisha wakarudi taratibu, mpaka mwisho wamebonyeza karibu sawa na ambao hawakuguswa. We mwenyewe umeandika, anatulia siku hiyo, kesho yale yale. Watafiti waliomfuata wameonyesha adhabu inaweza kuzuia kitu, ila iwe papo hapo na kila mara bila kukosa, na ni mzazi gani ataweza hivyo? Tena haimwambii mtoto afanye nini badala ya kulia, inamfundisha tu kuangalia mama yuko karibu au hayupo.

Sasa fanya hivi. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani, leo hatununui biskuti, alafu simamia hapo hapo. Jiandae, siku za mwanzo atalia kuliko zamani, hata panya chakula kikikatika ghafla anabonyeza kwa fujo kwanza, na hiyo ndo siku mbaya kuliko zote ya kulegea, ukinunua hapo atajua kilio kikubwa zaidi ndo kinafaa. Wa kwangu alijitupa pale soko la Sabasaba ameng'ang'ania pindo la kanga yangu, mi nimesimama na fungu la mlenda mkononi, jasho linanitoka, watu wananiangalia kama mama mbaya. Nilikaa kimya. Alipotulia nikampa vitunguu viwili anibebee, akabeba mpaka kwenye bajaji, nikamsifia pale pale, sikungoja jioni. Sifa ikichelewa mtoto haijui ni ya nini. Na baba yake akubali jambo hili, maana wewe ukikaza yeye akileta biskuti jioni, mmerudi kule kule kwa mara moja moja.

SWALI: Shangazi, binti yangu alikuwa anapenda hadithi, nikaanza kumpa shilingi 500 kila kitabu ili asome zaidi. Sasa bila hela hagusi. Baba, Kongwa.

JIBU: Hela imekula raha yake. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wadogo wanaopenda kuchora, baadhi wakaahidiwa cheti kizuri wakichora. Wiki chache baadaye, vyeti havipo tena, wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakuharibika. Kwa hiyo zawadi ya ghafla sio mbaya, mkataba ndo mbaya kwa kitu anachokipenda tayari. Acha hizo 500, atasusa kidogo, vumilia. Jioni mkila ugali mwambie akusimulie alipoishia, na we uulize kwa kutaka kujua kweli.