Kitabu cha tano cha Harry Potter: asiruke

Umeuliza kama mwanao aliyekwama katikati ya kitabu cha tano aende moja kwa moja cha sita. Hapana, asiruke. Ni mwishoni mwa cha tano ndipo Dumbledore, mkuu wa shule ya uchawi anayosoma Harry, anamweleza kwa nini yule mchawi mwovu Voldemort amemwandama tangu uchanga, na cha sita kinaendelea kutoka hapo. Akiruka atakuwa anasoma majibu ya maswali asiyoyajua.

Ila simlaumu kuchoka. Hicho ndicho kirefu kuliko vyote saba, sura 38, na Harry mwenyewe ana miaka 15, hasira puani, anawafokea hata rafiki zake. Wengi humwona msumbufu. Mimi naona ana haki: mwaka uliopita ameshuhudia mwenzake akiuawa, na sasa Wizara ya Uchawi na magazeti wanamwita mwongo. Halafu kuna Umbridge, mwalimu wa nguo za waridi na sauti tamu, anayewaadhibu watoto kwa kalamu inayochanja maneno kwenye mikono yao wenyewe. Voldemort anatisha, lakini huyu mama anachukiza zaidi, maana watu wa aina yake tumewahi kukutana nao.

Mwambie avumilie mpaka wanafunzi waanze kufundishana kujihami kwa siri. Kuanzia hapo kasi inapanda. Filamu isiwe mbadala, imekata mengi mno. Na sura za mwisho kuna kifo kitakachomuuma, kwa hiyo uwe karibu akifika huko. Sisemi cha nani.