Kwa kijana anayeanza kazi ya mizani Goma

Ukikabidhiwa mizani pale viroba vinaposhuka, iwe Kituku, soko la ufukweni mwa ziwa, kwenye boti za Minova au kule barabara ya Sake, anza kwa kuangalia chini. Goma tunaishi juu ya lava. Mawe yale meusi ya mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002 hayakulala sawasawa, na mizani iliyoinama hudanganya hata ikiwa mpya. Tafuta mahali palipomwagwa zege, hakikisha miguu yote imeshika, kisha weka jiwe unalolijua uzito kwenye kila pembe ya bamba. Pembe zikitofautiana, usipime mzigo wa mtu mpaka fundi aje.

Mizani za zamani, zenye mkono wa chuma na mawe, mimi nazipenda kuliko za betri. Zilibuniwa Strasbourg miaka ya 1820, na hesabu yake ni moja kwa kumi: jiwe la kilo 1 linasimama na mzigo wa kilo 10. Utamu upo hapo, na balaa vilevile. Jiwe likimeguka gramu 50, kila kilo 10 unazotangaza ni 9 na nusu tu, na mnunuzi ameliwa. Likigandwa na matope au grisi, anayeliwa ni mama aliyetoka shambani. Kitambaa kikae mfukoni.

Kelele nyingi huja kwenye tara, yaani uzito wa gunia au kiroba unaotolewa kwenye mzigo. Kiroba cha plastiki hakina uzito wa kugombania, lakini gunia la jute likinyeshewa linaweza kupita kilo 1. Na viazi vya Masisi wakati wa mvua huja vimevaa shamba zima! Udongo huo mnunuzi na muuzaji waupatane kabla ya kupima. Wakishaona namba, hakuna atakayekubali.

Ulaya, miji ya zamani ilikuwa na mizani ya mji. Amsterdam waligeuza lango la mji kuwa nyumba ya kupimia mwaka 1617. Vijijini Ufaransa, mkokoteni ulipandishwa na mzigo, ukarudi mtupu, tofauti ikaandikwa. Mwenye mizani hakuwa mnunuzi wala muuzaji. Kwetu mara nyingi mizani ni ya mnunuzi wa jumla, na mama anayepima kwa kopo huko kwao hana pa kubishia.

Kwa hiyo simama upande wa bamba, usilizibe kwa mwili wako. Waonyeshe wote wawili sifuri kabla kiroba hakijapanda, mguu wa mbebaji uwe mbali, usome kwa sauti, uandike karatasi mbili. Mzee akiomba kurudia, rudia bila kununa. Ada yako ipatane kwa kiroba. Ukilipwa kwa kilo, hata ukipima sawa hawatakuamini, na mimi nisingewalaumu.